Goti la Mpanga Njia

Kaka yangu amestaafu mara tatu, na mara zote tatu nimekula keki. Mara ya kwanza alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akalia, akawashukuru wote waliomfikisha pale, na msimu uliofuata akarudi mashindanoni akisema ukuta umemwita. Mara ya pili ukuta ulimwita kabla keki haijaisha kwenye friji. Mara ya tatu mke wake alimwagiza mpishi wa keki asiandike "Kwaheri Bingwa", aandike "Hongera" tu, ili mambo yakigeuka tuibebe kwenye harusi ya mtu. Na kweli tuliibeba.

Kwa asiyeujua mchezo wetu, hauna ugumu wa kuuelewa. Kuna ukuta mrefu kama nyumba ya ghorofa nne, umeinama mbele kama mtu aliyeangusha sarafu. Umekazwa vishikio vya rangi kwa bolti, vingine vikubwa kama sufuria, vingine vidogo kama ganda la karanga. Mchezaji anafungwa kamba kiunoni, anapewa dakika sita, anapanda mpaka aanguke. Karibu wote huanguka. Anayeanguka akiwa juu kuliko wenzake ndiye bingwa, na anavishwa medali kwa kuanguka vizuri.

Kaka yangu ni mpandaji. Watu wanamwita Gundi, na hata mama yetu ameacha kumwita jina alilompa mwenyewe. Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ni kupanga njia: mimi ndiye ninayeamua kishikio gani kikazwe wapi, kwa umbali gani, na kielekee upande gani. Yaani kwa miaka mingi yeye amekuwa akipanda, na mimi nimekuwa nikimtafutia pa kuangukia.

Tulianza pamoja, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa nyuma ya mtaa wetu, tukipanda kwa viatu vya shule mpaka soli zikaachia na mama akatufuata na mwiko. Mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika kwenye ghala la zamani la saruji. Wanaume walioandikishwa walikuwa wanne. Mmoja hakutokea, na mwingine alikuja kumsindikiza rafiki yake akaombwa ajaze nafasi. Gundi akawa bingwa wa taifa, na gazeti likaandika kuwa amewagaragaza wapinzani. Alipopelekwa ng'ambo kwa mara ya kwanza alishika nafasi ya hamsini na kitu kati ya sitini na kitu, na gazeti lilelile likaandika kuwa ametoa upinzani mkali. Sisemi haya kumdharau. Wapandaji waliongezeka, wakawa wengi na wazuri, na yeye akaendelea kuwashinda kwa haki mwaka hadi mwaka, mpaka viungo vya vidole vikavimba kama tangawizi. Kuna siku nilimwona akipanda nikasahau kufunga mdomo, na mimi ndiye niliyeikaza ile njia, nikijua kila kilichokuwa mbele yake.

Lakini ubingwa haubebwi na mtu mmoja. Mpandaji anaishi kwa ngozi ya ncha za vidole. Ikilainika inateleza, ikikauka mno inapasuka. Kwa hiyo ngozi ya Gundi ilikaa nyumbani mwake kama mgeni wa heshima. Kwa zaidi ya miaka ishirini haikugusa maji ya vyombo. Haikufua. Haikumenya kitunguu. Alipozaliwa binti yake wa kwanza, muuguzi alimwambia anawe mikono kwanza ndipo ampokee mtoto, na kaka yangu, baba mzima, akauliza kama hakuna njia nyingine. Juu ya kila mlango wa nyumba alikaza ubao wa kuning'inia kwa vidole, wageni warefu wakawa wanaingia wameinama, wakidhani ndiyo adabu ya humo ndani. Kila asubuhi alijipima uzito kabla ya chai na baada ya chai, kisha akaiangalia birika kwa jicho baya.

Aliyeyabeba yote hayo ni wifi yangu. Wifi ni mtaalamu wa maabara, mwanamke wa kupima damu za watu kutwa nzima kisha kurudi nyumbani kuosha sahani za mtu anayeogopa maji. Mara mbili hospitali kubwa ya mji mwingine ilimwita akaiongoze maabara yao, na nyumba ya kuishi wampe. Mara mbili alikataa, kwa sababu ukuta wa mazoezi uko huku, hauko kule. Walipomwita mara ya tatu hakumwambia mumewe. Alikuja kwangu.

Ilikuwa wiki ya mashindano ya taifa. Nilikuwa juu ya ngazi ukumbini, spana mkononi, mfuko wa bolti kiunoni. Njia ya mashindano ni siri. Mpandaji haruhusiwi kuiona kabla ya siku yake, wala jamaa wa mpandaji. Mimi mwenyewe ni jamaa wa mpandaji, na kanuni inasema jamaa asipange njia. Ila mpangaji mwingine wa pekee tuliyekuwa naye alipata kazi ng'ambo ya kufunga rafu za maduka, akaenda zake, na Mwenyekiti wa chama akatangaza kuwa undugu si kosa la jinai.

"Wifi, shuka kidogo," nikasikia sauti chini.

"Huruhusiwi humu."

"Sitazami. Nimeupa mgongo ukuta wako."

Kweli alikuwa amesimama akiuelekea mlango, mkoba begani, akiongea na kitasa.

"Haya, sema."

"Wamenipigia tena. Safari hii nimewaambia ndiyo. Mwezi ujao naondoka na watoto." Akahamishia mkoba bega la pili. "Akiingia fainali, anabaki kwenye timu miaka miwili mingine. Kambi, mazoezi, safari. Atasema atakuja, lakini si unamjua kaka yako."

"Namjua."

"Basi mwangushe."

"Nimfanye nini?"

"Si vibaya. Sitaki aumie. Mwangushe tu, akose fainali, aje na sisi. Wewe ndiye unayejua anaangukia wapi."

Nilitaka kushuka nimjibu ana kwa ana. Kwa haraka ile nikakosa kipago cha mwisho cha ngazi, nikatua sakafuni kwa goti la kushoto. Niliona nyota. Wifi, pamoja na uchungu wake wote, hakugeuka, maana alikuwa ameahidi hatageuka. Aliniuliza kama niko salama huku bado anakitazama kitasa.

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia njia naipanga kwa watu wote, na siku nikianza kuipanga kwa ajili ya mtu mmoja, iwe kumwinua au kumwangusha, bora na mimi nikafunge rafu. Akasema anaelewa. Mtu akisema anaelewa kwa sauti ile, ujue hajaelewa na wala hana mpango huo.

Kesho yake akaja Mwenyekiti. Mwenyekiti wetu alitokea chama cha kuogelea, na kabla ya hapo alikuwa chama cha mishale. Ni mtu aliyeongoza michezo mingi bila kutoka jasho. Aliukagua ukuta kwa mikono nyuma, kama anayekagua gwaride, akagonga kishikio kimoja kwa kidole cha pete.

"Mdogo wangu," akasema, "sikwambii upendelee mtu. Nakwambia usimsahau."

"Nisimsahau nani?"

"Asiyesahaulika."

Alichokuwa anakilinda ni magodoro. Chama chetu kinalishwa na kampuni ya magodoro, na kampuni ilikuwa imetulia nasi kwa sababu moja tu, nayo ni kaka yangu. Picha yake ilikuwa kila kona ya mji: ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye jabali, chini kabisa limetandikwa godoro jeupe, na maneno: "Ukianguka, angukia kwetu." Gundi akiondoka kwenye timu, na godoro linaondoka. Mwenyekiti alipotoka kwangu, nilikuja kujua baadaye, alikwenda kwa Gundi akamwambia alale usingizi, mdogo wake anajua la kufanya.

Sasa lazima nieleze jambo moja la watu wetu. Kwetu ni aibu mpandaji kumwuliza mpangaji habari za njia. Hata Gundi, kwa udugu wote ule, hakuwahi kuniuliza. Lakini kutouliza hakumaanishi kutojua. Mpangaji huipanda kila njia yake ili kuijaribu, na ukuta humwachia alama. Kiwiko kikichubuka, kuna kona. Kucha ikivunjika, kuna ufa mwembamba. Bega likiwa limeshuka, kuna kurusha mkono mbali. Wapandaji wazoefu hukusoma mwili kama daktari, huku wanakuuliza hali ya mama. Ndiyo maana wiki za mashindano mimi huvaa mikono mirefu hata kwenye joto na kuingiza vidole mifukoni, na majirani wamekwisha kuamua kuwa nina ugonjwa.

Jumamosi mchana Gundi akaja kwangu na mkate. Hajawahi kuja kwangu na mkate. Nilimkaribisha, nikahakikisha mikono imefunikwa, nikamletea chai, nikakaa. Nilikuwa nimevaa gauni la nyumbani, na nilipokaa likapanda kidogo. Goti la kushoto likatokeza, limevimba, zambarau kama bilinganya.

Akaliona. Akaweka kikombe chini polepole. Kisha akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku za machimbo, akasimama.

"Asante kwa chai, mdogo wangu," akasema.

Chai yenyewe hakuionja. Mimi nikadhani ni mambo ya uzito.

Goti, kwa mpandaji, lina maana moja tu. Mara chache sana, chini ya kishikio kikubwa, panapatikana mahali pa kukabia goti. Ukilikaba vizuri, paja ndilo linalobeba mwili, na mikono yote miwili unaiachia, unaipumzisha, unaweza hata kujikuna. Ni kama kukuta kiti katikati ya ukuta. Kaka yangu alikuwa ameambiwa kuwa mdogo wake anajua la kufanya, halafu akaliona goti langu. Akajumlisha. Akaondoka nyumbani kwangu akiamini kuwa huko juu nimemwekea kiti.

Jumapili ukumbi ukajaa. Wapandaji walifungiwa tangu asubuhi kwenye chumba cha nyuma, simu zimekusanywa, madirisha yamezibwa kwa karatasi, wasione wala wasisikie wenzao wanaangukia wapi. Gundi alikaa humo kwenye kiti cha plastiki katikati ya vijana wa umri wa binti yake, wakimpa shikamoo mmoja mmoja kabla ya kwenda kujaribu kumtoa kazini. Chini ya ukuta kampuni ilikuwa imetandika magodoro yake, ingawa mtu aliyefungwa kamba hafiki kwenye godoro. Mtangazaji alikwisha kuyataja mara nyingi kiasi kwamba mzee mmoja mstari wa mbele alikuwa amesinzia.

Kabla ya kupanda, wote hutolewa pamoja kuisoma njia kwa dakika chache. Husimama chini wakichezesha mikono hewani, kushoto, kulia, juu, kama wanafua nguo zisizoonekana. Njia yangu niliipenda. Ilikuwa ngumu lakini haikuwa na hila. Juu kabisa, karibu na mwisho, kulikuwa na kishikio kimoja kikubwa cha bluu, mahali ambapo mtu anaweza kushika kwa mkono mmoja, akakung'uta mwingine, akapumua mara mbili tatu, akaendelea. Kila njia nzuri ina mahali pa namna hiyo, na ndipo wengi hupotelea, maana kukaa ni kutamu. Chini ya kile cha bluu ukuta ulikuwa mtupu na laini kama meza.

Gundi alikitazama kile kishikio cha bluu muda mrefu. Halafu, pale pale chini, mbele ya watu wote, akainua goti la kushoto hewani, akanitazama, akanikonyeza. Nikadhani kashikwa na misuli.

Aliitwa wa mwisho, kama bingwa mtetezi. Nafasi za fainali ni nane, na mtangazaji aliwakumbusha watu kwamba ili awe wa nane anahitaji kugusa kishikio kimoja tu juu ya kile cha bluu. Juu ya ngazi za watazamaji nilimwona wifi na mabinti zake wawili, mkoba mapajani, macho chini. Yeye hutazama sakafu mumewe anapopanda. Miaka yote amekuwa akiujua ukuta kwa kelele za watu tu.

Alipanda, na sina budi kusema ukweli, alipanda vizuri kuliko wale vijana. Wao walikuwa na nguvu, yeye hakuwa na haraka. Pale walipoparamia, yeye aliweka mguu, akageuza nyonga, akafika. Nikasikia fahari kifuani, na pamoja nayo hofu, maana nilijua kila anachopanda kinamtoa nyumbani kwake. Alifika kwenye kile cha bluu akiwa na zaidi ya dakika mbili mkononi. Mikono yake ilikuwa bado mizima. Kishikio kilichofuata kilikuwa karibu sana, hata mimi ninakifikia.

Akakishika kile cha bluu kwa mikono miwili. Akainua goti la kushoto, akalipachika chini yake. Likateleza.

Akalipachika tena, kulia kidogo. Likateleza. Akachungulia chini ya kwapa, akasogea kushoto, akalisukuma goti kwa nguvu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikumbuka mkate, na kikombe kilichowekwa chini polepole, na lile konyezo. Nilitaka kumpigia kelele kwamba hakuna, hakuna kiti, panda tu, lakini mpangaji akifungua mdomo mpandaji anaondolewa. Nikauma kofia yangu.

"Bingwa anapumzika," mtangazaji akawaeleza watu kwa furaha. "Anatuonyesha umuhimu wa mapumziko bora."

Aliendelea kutafuta. Mtu mwingine angeacha, lakini yeye alikuwa na uhakika, na hakuna kitu kinachomkawiza mtu kama uhakika. Kengele ya muda ililia akiwa bado ananing'inia pale, mkono ungali na nguvu, goti hewani. Wakamshusha taratibu kwa kamba. Wa tisa.

Mwenyekiti akafika kwenye meza ya waamuzi kabla kamba haijafunguliwa. Sikujua kuwa anaweza kwenda mbio.

"Kishikio kilizunguka," akasema. "Mlimwona anahangaika pale. Bingwa ahangaike kwa nini? Kilizunguka."

Hili nalo lina kanuni yake. Kishikio kikilegea na kuzunguka kwenye bolti yake, kosa si la mpandaji. Anapumzishwa, anapanda upya. Mwamuzi mkuu humwuliza mpandaji kwanza, kisha mpangaji wa njia anapanda na spana kwenda kukihakiki, na neno la mpangaji ndilo la mwisho. Mwenyekiti alinisogelea, akashusha sauti.

"Mdogo wangu, bolti ni chuma, na chuma hulegea. Huwezi kujua mpaka ufike juu. Na ukifika juu, uko peke yako."

Mwamuzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, alimgeukia Gundi.

"Kilizunguka?"

Gundi hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi. Aliteremsha macho mpaka kwenye suruali yangu, pale kwenye goti, akayarudisha usoni, na nikaona kuwa ameshaelewa hakuwekewa kitu chochote, na kwamba sikumwonyesha chochote. Mtu mwenye miaka arobaini na mbili, chaki mpaka kwenye kope, anafanya hesabu upya mbele ya ukumbi mzima.

"Kilizunguka," sauti ikasema kutoka juu. "Niliona mwenyewe."

Wote tukageuka. Alikuwa wifi. Alishuka ngazi za watazamaji na mkoba wake, mabinti nyuma yake, mpaka kwenye kamba inayozuia watu. Mwanamke aliyekuja kunisihi nimwangushe mumewe. Mwanamke ambaye hajawahi kutazama ukuta mtu wake akiwa juu yake.

"Mama, wewe ni nani?" mwamuzi akauliza.

"Ni mtu mwenye macho. Kazi yangu ni kutazama vitu vidogo kuliko hicho. Kilizunguka. Mpeni nafasi yake."

Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kuunga mkono, na mkuu wa kampuni ya magodoro naye akatikisa, na watu wa nyuma wakaanza kupiga makofi ya taratibu kama wanaoita basi lililochelewa.

Gundi alimtazama mkewe. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ukumbini kwa miaka yote ile.

"Hakikuzunguka, mama watoto," akasema.

"Kilizunguka, baba watoto. Usinibishie mbele za watu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nilikaa," akasema. "Nilikuwa na nguvu, na muda nilikuwa nao, nikakaa. Basi." Akamgeukia mwamuzi. "Kishikio hakina kosa."

Ingetosha iishie hapo, lakini mwamuzi yule alikuwa mtu wa kanuni. Alisema shahidi mmoja amedai kimezunguka na mwingine amekana, kwa hiyo mpangaji apande. Nikajifunga kamba, nikatia spana mfukoni, nikapanda kwa ngazi ya pembeni na goti langu bovu.

Huko juu nilikishika kile kishikio kwa mikono miwili, nikakisokota kwa nguvu zangu zote. Hakikutikisika. Nilikikaza mwenyewe. Nikatazama chini. Mwenyekiti alikuwa amekunja mikono tumboni kama anayesubiri kufunguliwa kinywaji. Kaka yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa godoro moja la wafadhili, anavua viatu. Wifi alikuwa ameinua uso, ananitazama mimi, ananitazama ukutani, bila kupepesa.

Spana robo mzunguko ingetosha. Nilijua angerudi apande, na safari hii asingetafuta kiti; angepita pale kama anavuka kizingiti. Angeingia fainali, angebaki miaka miwili, na wifi angepakia mizigo peke yake na watoto, baada ya kumrudisha ukutani kwa mdomo wake mwenyewe. Na nilijua pia jinsi alivyopanda, na kwamba haikuwa haki mtu kama yule amalizwe na goti la mtu aliyekosa kipago cha ngazi. Mkono wangu uliingia mfukoni. Ulikaa humo muda, sijui kiasi gani.

"Kimekaza," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Mambo ya baadaye yalikwenda kwa kasi. Mwenyekiti alihamia chama cha mbio za farasi, ingawa hatuna farasi. Kampuni ya magodoro haikusikitika hata kidogo, wiki haikuisha picha mpya zikabandikwa, Gundi ananing'inia kwenye kile kishikio cha bluu, goti hewani, na maneno: "Hata bingwa hupumzika." Nasikia magodoro yaliuzwa mpaka ya maonyesho.

Gundi mwenyewe alinikuta siku mbili baadaye ukumbini, nang'oa vishikio.

"Goti lilikuwa na nini?" akauliza.

"Nilianguka kwenye ngazi."

"Ngazi gani?"

"Hiyo hapo."

Akaitazama ngazi. Akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho, kisha akanisaidia kubeba gunia la bolti mpaka stoo. Hakuniuliza kilichoniangusha kwenye ngazi, na mimi sikumwambia, wala sitamwambia.

Walihama mwezi uliofuata, wote wanne. Nilikwenda kuwaaga. Magodoro ya bure yalijaa kwenye lori mpaka yakazidi kuta zake, na kaka yangu alikuwa juu yake akiyafunga kwa mafundo ya kwetu, yale yasiyofunguka. Wifi alikuwa tayari kwenye gari, kiti cha mbele, mkoba mapajani. Alikuwa amepata kila alichoniomba. Nikainama dirishani nikitegemea, sitaficha, neno la shukrani.

"Wifi," akasema, bila kunitazama. "Ile siku. Ulikuwa na spana?"

"Nilikuwa nayo."

"Na kule juu hakuna aliyekuwa anakiona kiganja chako."

"Hakuna."

"Ukashuka hivihivi."

"Wewe si ndiye uliyeniambia nimwangushe."

"Nilikwambia umwangushe," akasema. "Sikukwambia umwache amekaa pale chini, watu wote wanamtazama."

Akapandisha kioo. Kaka alishuka kwenye lori, akazunguka, akaingia upande wa pili, akanipungia mkono. Wifi aliendelea kutazama mbele mpaka gari likakata kona.